Sura ya 6: Bahari Juu ya Meza

Kutoka Burungu, kwenye vilima vya Masisi, bahari iliyo karibu kuliko zote ni ya upande wa Mombasa. Ukiweka rula juu ya ramani utapata takribani kilomita 1,200; kwa lori linalopitia Goma, Uganda na Kenya, safari ni ndefu kuliko hapo. Bahari ya Congo yenyewe, ile ya Moanda kwenye Atlantiki, iko mbali zaidi, karibu kilomita 1,900 upande wa magharibi. Huku ni nchi ya ng'ombe, ya fromaji za duara zinazoteremshwa Goma, ya maharagwe na viazi. Mtu akitaja akwariamu ya maji ya chumvi mahali kama hapa, jirani atauliza kwanza chumvi itatoka wapi, kisha samaki wa pwani wataishi vipi kwenye baridi ya milima. Ni maswali mazuri, ila yamekuja mapema. La kwanza kabisa ni nani atakayetengeneza meza.

Lita ya maji matamu ina kilo moja. Lita ya maji ya bahari ina gramu 25 zaidi, kwa sababu ya chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Tangi la kawaida la nyumbani, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, linachukua lita 300 likijazwa hadi ukingoni, na maji hayo peke yake ni kilo 307. Juu yake kuna kilo 36 hivi za akriliki ya milimita 12, kuna mawe, kuna mbao za meza yenyewe. Hata ukitoa maji yanayosukumwa nje na mawe, sakafu inabebeshwa karibu kilo 400, sawa na mifuko minane ya saruji iliyopangwa mahali pamoja.

Na mzigo huu hautuliwi. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ubao ulioweza kubeba kilo 400 kwa nusu saa, fundi na wenzake wakiwa wamesimama juu yake kuujaribu, si lazima uzibebe kwa miaka mitano. Mbao zinazokandamizwa usiku na mchana huendelea kupinda polepole, milimita kwa milimita, hata kama mzigo haujaongezeka, na ubao uliotumiwa ukiwa mbichi hupinda zaidi kwa sababu unakauka ukiwa tayari umelemewa. Kabati la vyombo likipinda milimita tatu, mlango wake unakwama. Akwariamu ikipindiwa milimita tatu chini yake, viungo vya tangi ndivyo vinavyovutwa.

Kivu ya Kaskazini ina watu wanaouelewa mzigo na mbao kuliko mainjinia wengi. Tshukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini wala pedali, inateremka kila siku kutoka milimani ikiwa imebeba mamia ya kilo za makala, kabichi au viazi. Imetengenezwa kwa mikaratusi na miti mingine migumu, magurudumu yake yamevishwa vipande vya tairi kuukuu, na katikati ya Goma imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwenye tshukudu kwenye mzunguko wa barabara. Ukiitazama tshukudu kwa makini, utaona kwamba mzigo wake haujaning'inizwa kwenye misumari. Gogo nene ndilo linalobeba, na gogo limekalia ekseli. Msumari upo ili vitu visihame.

Meza ya akwariamu inajengwa kwa akili hiyo hiyo. Mihimili ya juu, ile inayolizunguka tangi, lazima ikalie vichwa vya nguzo, ubao juu ya ubao, ili uzito ushuke moja kwa moja hadi sakafuni. Kosa la kawaida ni kuipachika mihimili ubavuni mwa miguu kwa skurubu, kama mtu anayetengeneza meza ya kulia. Meza ya namna hiyo inapendeza, tena inaweza kusimama muda mrefu, lakini kilo zote 400 zimening'inia kwenye vyuma vichache vyenye unene wa kalamu. Fundi mzuri wa mbao atachonga ulimi na tundu, atatia kola, na skurubu ataiweka mwisho. Kwa urefu wa sentimita 120, nguzo nne za pembeni hazitoshi. Mbili zaidi katikati, mbele na nyuma, zinaufupisha mwanya ambao ubao unaweza kupinda. Mgongo wa meza unafungwa kwa triplex, si kwa urembo, bali kwa sababu fremu isiyo na mgongo inaweza kuyumba upande na kulala kama sanduku la karata. Mtoto mmoja akiegemea kwa nguvu, inatosha.

Mbao zenyewe zinahitaji subira. Mikaratusi imejaa Masisi, imepandwa kandokando ya malisho na kwenye migongo ya vilima, ni mizito na ina nguvu. Tatizo lake ni kujisokota inapokauka. Sipresi ni nyepesi na inatii randa, lakini ni laini zaidi. Kutoka misitu ya Walikale huja mbao za daraja jingine kabisa: libuyu, ya jamii ya Entandrophragma, na muvula, ambao pwani wanauita mvule na ambao mchwa wanauogopa. Mafundi wa nchi nyingi wana kanuni ya kukadiria kwamba ubao hukaushwa kivulini mwaka mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Katika mvua za Masisi kanuni hiyo haina sababu ya kuwa fupi zaidi. Mwenye haraka achague mbao nyembamba azigandishe mbili mbili kwa kola. Zitakauka upesi, na ubao mmoja ukitaka kujisokota mwenzake utauzuia.

Chumvi nayo ina namna yake ya kuishambulia meza. Matone yanayorushwa na viputo vya hewa hukauka yakaacha ukungu mweupe, ukungu huo hunyonya unyevu, unatambaa, unashuka kwenye kingo hadi kwenye skurubu. Uganda, ng'ambo tu ya mpaka, wanalijua jambo hili kwa hasara kubwa: kiwanda cha kisasa cha chumvi kilichojengwa kwenye Ziwa Katwe hakikudumu, kwa kuwa mabomba yake yaliliwa na maji yale yale yaliyokusudiwa kuchemshwa. Basi skurubu ziwe za inoksi, na vernisi ipakwe ndani ya meza kama nje, mara tatu, hasa kwenye ncha za mbao ambako maji hupenda kuingilia.

Kusawazisha ni kazi ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ule ule ambao waashi hutumia kupata usawa wa msingi. Maji ya ncha mbili za mpira husimama kimo kimoja hata kama nyumba nzima imeinama. Nyumba nyingi za Masisi ni za mbao juu ya udongo ulioshindiliwa, na udongo huo hautakubali nguzo sita zenye kilo 400. Panamwagwa kwanza kibao cha zege, au panatandikwa mawe bapa.

Sasa tangi.

Mwaka 1933 mkemia Mjerumani Otto Röhm alisajili jina Plexiglas kwa akriliki, plastiki iliyopitisha mwanga kuliko vioo vingi. Waingereza walikuwa na yao, Perspex. Vita vya Pili vya Dunia viliifanya kuwa bidhaa ya kila kiwanda cha ndege, maana madirisha ya marubani yalitengenezwa kwayo. Daktari wa macho Harold Ridley, akiwatibu marubani wa Uingereza, aliona kwamba vipande vya plastiki hiyo vilivyoingia machoni mwao havikuleta uvimbe wala usaha. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa. Kitu kinachoweza kukaa ndani ya jicho la binadamu bila kulidhuru kinaweza pia kukaa na samaki, na maji ya chumvi hayakili kama yanavyokila chuma.

Wajenzi wa akwariamu za maonyesho ndio walioifikisha mbali. Dirisha la Churaumi huko Okinawa, lililofunguliwa mwaka 2002, lina upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60. Lile la Dubai Mall la mwaka 2008 lina upana wa karibu mita 33 na unene wa sentimita 75, nyuma yake lita milioni 10. Kioo cha unene huo kingekuwa cha kijani na kizito mno. Akriliki ina nusu tu ya uzito wa kioo, inapitisha asilimia 92 ya mwanga, na vipande vyake vinaweza kuunganishwa hadi mshono usionekane.

Ina tabia zake mbaya pia, na mjenzi wa nyumbani atakutana nazo zote. Inapinda: kioo ni kigumu dhidi ya kupinda zaidi ya mara 20. Inatanuka kwa joto karibu mara nane kuliko kioo. Inakwaruzika kwa mchanga kidogo ulionaswa kwenye sifongo, na viumbe wa miiba wa baharini wanaotambaa kutani wakila mwani huiachia mistari ya meno yao. Mkwaruzo huo, tofauti na wa kioo, unaweza kung'arishwa ukaisha. Kwa sababu ya kupinda, tangi la akriliki halikubali kukaa juu ya fremu tupu kama linavyoweza tangi la kioo. Chini yake pawe na triplex nene isiyo na mwanya, juu ya triplex karatasi ya frigolite ya kumeza vinundu. Kila kinachosemwa hapa kuhusu meza kina uzito mara mbili kwa akriliki.

Maji hayasukumi chini tu. Yanasukuma pembeni, na msukumo wa mahali popote kwenye ukuta hautegemei maji ni mengi kiasi gani nyuma yake, unategemea kina. Ukuta wa mbele wa tangi la mfano wetu unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Mjenzi akivutiwa na tangi la kwenda juu, akapandisha kimo kutoka sentimita 50 hadi mita moja bila kubadili kingine, nguvu hiyo haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne, kilo 600 na zaidi. Ndiyo maana akriliki ya waandika mabango, ambayo mara nyingi ni ya milimita 3 au 5, haifai hata kwa majaribio, na ndiyo maana juu ya tangi hugandishwa fremu pana ya akriliki yenye tundu katikati, kuzishika kuta zisitanuke kwenda nje. Tangi lisilo na fremu hiyo linaonekana la kisasa sana hadi siku linapojazwa maji.

Kuunganisha akriliki si kugandisha. Kola ya kawaida hukaa katikati ya vipande viwili kama mgeni. Kiyeyushi kama dikloromethani hulainisha uso wa vipande vyote viwili, molekuli zake zikachangamana, kisha kiyeyushi kinapaa na kuacha kipande kimoja. Kingo lazima ziwe zimenyooka kabisa, zimerandwa, bila alama za msumeno. Mafundi husimamisha ukuta juu ya sindano nyembamba zilizotandazwa ukingoni, wakaingiza kiyeyushi kwa bomba la sindano ya hospitali, na kiyeyushi kikakimbia chenyewe ndani ya ufa. Baada ya nusu dakika hivi, nyuso zikishalainika, sindano za chini huvutwa moja moja na ukuta unashuka kwa uzito wake. Hakuna kukandamiza. Anayekandamiza anakifukuza kiyeyushi kwenye mshono na kubakiwa na viputo, na kila kiputo ni mahali ambapo hakuna kiungo.

Dikloromethani inachemka kwa nyuzi joto 40 tu usawa wa bahari, na kwenye milima, ambako hewa ni nyepesi, inapaa upesi zaidi. Dakika alizonazo fundi wa Mombasa, wa Masisi hana zote. Halafu mvuke wake ni sumu. Marekani iliondoa madukani viondoa rangi vyenye kemikali hiyo mwaka 2019 baada ya watu kufa wakivitumia kwenye vyumba vilivyofungwa. Kazi hii ifanywe barazani, upepo ukipita, watoto wakiwa mbali.

Adui mwingine wa mshono ni mkazo uliofichika. Ukingo uliosuguliwa hadi ukapata joto kali, au uliong'arishwa kwa moto wa gesi kabla ya kuunganishwa, huonekana mzuri, kisha ukiguswa na kiyeyushi unajaa vinyufa vyembamba visivyohesabika. Spiriti ya kusafishia hufanya vivyo hivyo. Tangi lililokamilika lisafishwe kwa maji na kitambaa laini, basi.

Kwamba akriliki inaweza kushindwa, ulimwengu uliona tarehe 16 Desemba 2022, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mjini Berlin. AquaDom, mcheduara wa akriliki uliosimama ndani ya ukumbi wa hoteli tangu mwaka 2003, ulipasuka. Lita milioni moja za maji ya chumvi zilifagia ukumbi na kumwagika barabarani, samaki takribani 1,500 wakiwa ndani yake; wengi mno walikufa, na watu wawili walijeruhiwa. Ingekuwa saa nne asubuhi, habari ingekuwa nyingine. Mtaalamu aliyechunguza vipande hakuweza kutaja sababu moja. Alibaki na dhana tatu: mshono ulioachia, jeraha dogo lililopatikana wakati wa ukarabati, au akriliki iliyokauka kupita kiasi tangi lilipoachwa tupu kipindi cha ukarabati huo. Dhana hiyo ya tatu inamgusa hata mwenye lita 300. Akriliki hunywa maji kidogo na kuvimba kidogo mno, ikikauka hunywea. Tangi la zamani lililokaa tupu stoo kwa miezi halijazwi kwa mara moja.

Majaribio hufanywa nje, kwa maji ya kawaida, tangi likiwa juu ya meza yake yenyewe. Robo ya kwanza, kusubiri hadi kesho. Robo ya pili, kusubiri. Fundi anapitisha karatasi kavu chini ya kila mshono na kupima kwa uzi kama ubao wa katikati umeshuka. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri, lakini ndiyo inayoamua.

Ndipo inapofika zamu ya chumvi. Maji ya bahari yana gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi letu linataka kilo 10 na nusu, na gunia la chumvi ya dukani lingetosha kama bahari ingekuwa chumvi ya mezani tu. Haiko hivyo. Sodiamu na kloridi ndizo nyingi, lakini katika kila kilo ya maji ya bahari kuna pia gramu 2.7 za salfeti, 1.3 za magnesi, na kama 0.4 za kalisi na kiasi hicho hicho cha potasi. Bila magnesi na kalisi, matumbawe na konokono hawajengi gamba. Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyeshiriki kuanzisha akwariamu ya bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, alichapisha mwaka uliofuata mchanganyiko wake wa chumvi nne: ya mezani, ya Epsom, kloridi ya magnesi na kloridi ya potasi. Makopo ya chumvi ya akwariamu yanayouzwa leo ni uzao wa karatasi hiyo, yakiwa yameongezewa kalisi na vikolombwezo vingine.

Chumvi ya Katwe, iliyowahi kubebwa kwa mitumbwi na vichwani hadi Congo, haisaidii. Ziwa lile limekusanya chumvi zake kutoka miamba ya volkano, na limejaa salfeti na kabonati. Ni chumvi halali kabisa, ila si bahari.

Maji ya kuichanganyia yana shida ambayo mtu wa pwani hawezi kuifikiria. Upepo wa eneo hili mara nyingi huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huelekea upande wa Masisi, na wachunguzi wa maji ya mvua kuzunguka Virunga wamekuta asidi na floridi. Meno yenye madoa ya kahawia katika baadhi ya vijiji vya volkano yanatokana na floridi ya maji. Mvua ya kwanza ya msimu, inayoosha mabati, haifai kuingia kwenye tangi hata kidogo. Wenye akwariamu duniani hutumia kichujio cha osimosisi, utando unaopitisha maji na kuzuia karibu kila kitu kingine, lakini utando huo unataka msukumo wa baa 3 au 4. Mjini msukumo huo ni pampu ya umeme. Masisi ina kitu bora: chemchemi iliyo mita 40 juu ya nyumba, ikiletwa kwa bomba, inafika chini na baa 4 bila kutumia umeme wowote.

Umeme ndio kikwazo kikubwa, na hapa haina maana kupamba maneno. Mtambo wa Matebe huko Rutshuru, uliozinduliwa Desemba 2015 na wenye megawati zaidi ya 13, uliiwashia Goma taa nyingi, lakini nguzo zake hazijaenea vilimani, na vita vimekuwa vikienda na kurudi katika barabara ya Sake hadi Kitshanga. Waasi wa M23 waliingia Kitshanga yenyewe Januari 2023 na maelfu ya watu wakakimbia. Nyumba iliyokimbiwa haiwashi hita. Hata siku za utulivu, samaki wa miamba ya pwani wanataka nyuzi joto 25 hivi, na hita ya wati 300 inayowaka nusu ya siku inakula kilowati-saa 3.6. Kwa paneli za jua hiyo ni gharama nzito. Akriliki inasaidia kidogo, kwa vile inapitisha joto karibu mara tano chini ya kioo. Frigolite mgongoni na ubavuni inasaidia zaidi.

Hewa pia ni chache. Katika mita 1,800, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya chumvi yenyewe hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu. Lita ya maji matamu ya nyuzi 25 usawa wa bahari inaweza kushika miligramu 8 za oksijeni. Lita ya maji ya chumvi milimani itashika kama 5 na nusu. Samaki wanaishi kwa hizo, lakini pampu ya hewa ikizimika usiku, muda wa kuwaokoa ni mfupi. Busara ni kuweka nusu ya idadi ambayo mtu wa Mombasa angeweka, na maji yawe yanazungushwa kwa nguvu juu.

Wa kuwekwa nao si wa kubahatisha. Pwani ya Kenya ina wavuvi wanaozamia na miwani na vyavu vidogo, wakinasa samaki wa mapambo wanaosafirishwa kwa ndege ndani ya mifuko yenye oksijeni. Miongoni mwao yumo Amphiprion allardi, samaki mweusi na njano mwenye mikanda miwili myeupe, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1970 na anayeishi kati ya minyiri ya sumu ya viumbe laini wa miambani, kuanzia Kenya hadi Durban. Ndugu zake walianza kuzalishwa kwenye matangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na samaki aliyezaliwa tangini huvumilia makosa ya mwenyeji kuliko aliyetolewa mwambani juzi. Lakini hata yeye hawekwi siku ya kwanza. Taka za samaki ni amonia, amonia ni sumu, na bakteria wanaoibadili kuwa nitriti na baadaye nitrati huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe. Mawe ya lava, ambayo Goma imejengwa juu yake na kwayo, yana vitundu vingi vya kuwalaza bakteria hao. Yachaguliwe kwa sumaku: jiwe linalonaswa sana lina chuma kingi na likae nje.

Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Kila siku tangi linapoteza lita kadhaa hewani na maji yaliyobaki yanazidi ukali. Kinachoongezwa ni maji matamu peke yake. Mwenye kuongeza maji ya chumvi kila asubuhi ataishia na Katwe yake mwenyewe.

Wapo watakaofika hapa, wapige hesabu ya kilo za chumvi, hita na mizigo ya ndege kutoka Mombasa, kisha waamue kuacha chumvi na kubaki na tangi. Bara hili la kati lina jibu lake. Mzoolojia Mwingereza John Moore, aliyefika Ziwa Tanganyika miaka ya 1890, alikuta konokono wa sura ya baharini na kiwavu katika ziwa la maji matamu, akashawishika kwamba ziwa hilo liliwahi kuungana na bahari. Alikosea, ziwa lina mamilioni ya miaka, na viumbe wake walijibadilisha humo humo. Lakini macho yake hayakumdanganya. Samaki wa rangi wa ziwa hilo, jamii ya sikilidi, ni zaidi ya spishi 200, na wengi hawapatikani popote pengine. Mbelgiji Pierre Brichard alifungua kituo chake Bujumbura mwaka 1971, akaanza kuwasafirisha hadi Ulaya na Marekani, na vitabu vyake vya 1978 na 1989 viliwafanya wafugaji wa Ujerumani wajue majina ya ghuba za Burundi na Congo kuliko watu wengi wa Kinshasa.

Samaki hao wanataka maji magumu yenye pH karibu 9, jambo ambalo magadi kidogo na chumvi ya Epsom vinaliweza kwa gharama ndogo. Uvira, mji wa ufukweni mwa Tanganyika, iko umbali wa safari ya barabara na meli kupitia Ziwa Kivu, hakuna forodha ya bahari katikati. Kubeba samaki wa Tanganyika kwenda juu si jambo geni: mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walipeleka vifaranga vya dagaa wa ziwa hilo hadi Kivu, na sambaza zinazouzwa leo kwenye masoko ya Goma na Bukavu ni vizazi vyao. Hita bado itahitajika, na pampu ya hewa, na wiki zile za kuwasubiri bakteria. Kwa fundi wa meza hakuna kinachobadilika, ila mzigo umepungua kilo saba.